Mfua Jezi Asiyeruhusiwa Kutazama

Aliyewachagulia wale wachezaji jezi nyeupe hakuwahi kufua hata leso yake mwenyewe. Hilo Mama Povu alikwisha kulisema mpaka mdomo ukamchoka. Mvua inanyesha, watu wazima na ndevu zao wanajibwaga kwenye matope, halafu Jumatatu gunia zima linamwagwa mbele yake: soksi zimegeuzwa ndani nje, kola zimeganda jasho, na kuna mtu kasahau bandeji ndani ya kaptura. Mashine ya klabu iliharibika zamani, na fundi wake bado anakuja kesho. Kwa hiyo alifua kwa mikono, akaanika, akapiga pasi, na jezi zikatoka nyeupe pe.

Kazi hakuilalamikia. Alilolalamikia ni kuitwa mkosi.

Ilianza siku timu inaongoza, naye akatoka mbio kumpelekea beki kaptura kavu pembeni mwa uwanja. Kule kusimama tu, kipa akauachia mpira katikati ya miguu. Msimu uliofuata akachungulia mlangoni, na muda huohuo refa akawapa wapinzani penalti. Basi, kesi ikaisha. Timu ilikuwa na mabeki wazito kama makabati na kocha anayebadilisha mfumo kila akipiga chafya, lakini mkosi ukaonekana kwa mfua nguo. Mnyonge hana haki. Tangu hapo, timu ikiingia uwanjani, mtunza vifaa humfungia Mama Povu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, hutia ufunguo mfukoni na kusema, "Samahani dada yangu, ni kwa faida ya wote." Hata mechi za televisheni alikatazwa, maana mkosi, walisema, haujali umbali.

Angevumilia, kama msimu huu winga mpya wa kushoto asingekuwa mwanawe. Mtoto wake wa pekee, aliyekulia katikati ya mabeseni yake, sasa mji mzima ulikwisha kumwona akicheza isipokuwa mama aliyemzaa. Yeye alimsoma kwenye madoa. Goti lina majani, basi alifunga akateleza kushangilia. Mgongo una matope, basi kuna mtu kamchezea rafu, na Mama Povu aliifua jezi hiyo huku akimlaani asiyemjua.

"Nitakufa sijamwona mwanangu akipiga mpira," alimwambia dada yake.

Timu ilipofika fainali ya kombe la taifa, dhidi ya wenye jezi za milia, mahasimu wao ambao hata kwenye arusi hukaa meza ya mbali, dada akamletea tiketi. "Ukishawakabidhi nguo zao, wewe ni mzazi kama wazazi wengine. Jitande mtandio, kaa juu kabisa. Nani atakujua?"

Mama Povu akajishonea gauni. Asubuhi ya fainali alikuwa amekwisha kulivaa, anamimina chai, mwanawe alipoingia jikoni.

"Mama, mama mkubwa ameniambia unakuja uwanjani."

"Mdomo wake hauna kufuli. Ndiyo, nakuja."

"Naomba usije. Leo tu."

"Leo tu, leo tu. Leo hiyo haiishi?"

"Wenzangu wakikuona jukwaani watacheza kwa hofu. Tukifungwa watasema ni wewe. Nitawatazamaje?"

"Na wewe unaamini?"

Kijana alikoroga chai ambayo hajaitia sukari. "Siamini, mama. Lakini fainali si siku ya kujaribu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uchungu wa kukataliwa na huyo mwana hakuna aliyeutungia methali. Mama Povu aliumia, akakasirika kwa kuumia, kisha akampa dada yake ile tiketi, akajitwika jezi na kwenda kufungiwa.

Chumba kilikuwa chini ya jukwaa, kimejaa viatu na harufu ya dawa ya misuli. Mpira ukaanza huko nje. Kabla ya mapumziko upande wa milia ukalipuka, naye akajua wamefungwa. Wachezaji walipoingia kupumzika, kipa alimkazia macho.

"Mama Povu, kweli hujachungulia?"

"Nimeutazama ukuta huu. Umeuona ukuta ukiachia mpira?"

Kipa akaenda kuvua glovu zake.

Kipindi cha pili kilivutika mpaka mwisho mwisho, ndipo filimbi ikalia na mashabiki wa jezi nyeupe wakaanza kuimba "Penalti! Penalti!" Kisha wakaacha. Mama Povu alijua mpigaji ni nani; penalti za timu msimu huu ni za mwanawe. Akajiziba macho kwa mikono miwili, halafu akaishusha kwa hasira: anajiziba asione nini, ukuta? Alichosikia baadaye ni wenye milia wakipiga kelele za furaha.

Mlango ulipofunguliwa waliingia watu waliovunjika moyo. Mtunza vifaa hakukaa. Alizunguka chumba akitafuta tundu la kuchungulia. Hakulipata.

"Ulikuwa na redio?"

"Sina."

"Lakini kelele ulizisikia."

"Uwanja mzima unapiga kelele, mimi ni kiziwi?"

Akamgeukia kocha. "Amesikia. Ni sawa na kuwepo."

Kocha, mtu mzima mwenye vyeti, akalitafakari hilo kwa dhati. "Mwakani abaki nyumbani," akasema.

"Mwakani mnizike kabisa!" Mama Povu alifoka. "Niliangalia, mkafungwa! Nimefungiwa, mmefungwa! Hamna aibu? Mpira mnaucheza ninyi au naucheza mimi?"

"Mwacheni mama." Mwanawe alikuwa mlangoni, wa mwisho kuingia. "Penalti nimeipiga nje mimi."

Kijana akaja mpaka mbele yake, jezi imemganda mwilini.

"Nilipokosa niligeukia jukwaa kukutafuta, mama. Sijui kwa nini. Nikapitisha macho safu kwa safu, nikamwona mama mkubwa kwenye kiti chako. Ndipo nikakumbuka ni mimi niliyekukataza."

Mama Povu alitaka kumzaba kofi na alitaka kumkumbatia, na mikono ikashindwa kuamua.

"Mjinga wewe," alisema, machozi yakimtoka, na yalikuwa ya hasira zaidi kuliko huruma. "Nani alikwambia nilikuwa nakuja kukuona ukishinda? Nilikuwa nakuja kukuona."

Kijana akamwegemea begani akalia, na matope yake yote yakaingia kwenye gauni jipya.