Huko Atakula na Nani?

Nilikwenda Shinyanga kwa sababu msimamizi wangu wa utafiti anaamini kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza humsikiliza mwanafunzi mwenzake kuliko profesa. "Nendeni mkawaeleze maisha ya utafiti yalivyo," alituagiza, "wala msiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa." Tulikwenda wawili: mimi, ninayesomea uzamili wa sayansi ya chakula, na Faraja wa uzamivu, anayependa udongo kuliko watu. Mimi ni mtoto wa Muheza. Usukumani sikuwa nimewahi kufika, ingawa viazi vyao vikavu nimevitafiti mwaka mzima.

Morogoro, kilipo chuo chetu, tuliiacha alfajiri kwa treni, na Dodoma tukapanda basi. Baada ya Singida nchi ilizidi kutanuka, na Faraja akawa anataja aina za udongo dirishani hadi abiria wa mbele akamwomba apumzike kidogo. Tulishuka Shinyanga jua likizama, vumbi mpaka kwenye kope.

Kesho yake asubuhi tulikuwa ukumbini, kwenye chuo kimoja cha mjini. Faraja alionyesha picha zake za udongo, na nusu ya darasa ikasinzia kwa adabu. Zamu yangu nikagawa vikombe vya michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, na matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza. Nikawafundisha tunavyoonja maabara: ng'ata kidogo, sukutua kwa maji, toa alama, nenda kikombe kingine. Marufuku kumaliza. Marufuku kumtazama jirani. Watoto wa Kisukuma kuambiwa wasimalize matobolwa! Ukumbi mzima uliangua kicheko, na maswali yakamiminika mpaka saa ya chakula. Niliwapenda papo hapo.

Walipotawanyika alibaki binti mmoja wa mwaka wa mwisho, Minza. Alikuwa amepata nafasi ya uzamili chuoni kwetu, maabara ile ile yangu, na jibu lilitakiwa kabla wiki haijaisha.

"Mama hataki, dada," alisema. "Na hasemi kwa nini. Siwezi kuondoka nikamwacha na kinyongo. Naomba twende mkaongee naye."

Masumbwe tulifika siku iliyofuata mchana, kwa njia ya Kahama. Mama Minza ni mzaliwa wa Didia, ila siku hizi anaishi hapo Masumbwe akiwapikia vijana wa machimbo, na kwake unasikia makarasha yakisaga mawe ya dhahabu kutwa nzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Wazazi hawajambo?"

Aliuliza habari za wazazi, za mvua, hata za ng'ombe ambao sina. Kisha akatuwekea sinia: matobolwa upande huu, na upande ule michembe iliyopikwa kwa karanga.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Niling'ata kipande kidogo cha tobolwa, nikakiweka. Nikasukutua kwa maji. Nikaonja mchembe, nikauweka. Maji tena.

Mama Minza aliacha kutafuna. "Huyu anakula," alimwuliza bintiye, "au anapima?"

Faraja alicheka hadi akapaliwa. Ikabidi Minza aeleze kwa niaba yangu: vikombe, maji, marufuku kumtazama jirani. Mama hakucheka hata kidogo.

"Ndivyo mnavyokula huko?" alisema. "Mimi siogopi kusoma. Asome mpaka achoke. Lakini huyu tangu azaliwe hajawahi kula peke yake. Huko atakula na nani?"

Kumbe ndilo lililokuwa limemkaa moyoni. Faraja akaanza kueleza kwamba kuna mgahawa mzuri, kuna vyama vya wanafunzi. Nikamkanyaga mguu.

"Mama, muhula wa kwanza nilikula peke yangu," nikasema. "Nimesimama, karibu na mizani. Jumapili nilikuwa nalia. Kazi hii naipenda sana, lakini ina upweke."

Minza aliinamisha kichwa. Nilidhani nimemharibia.

"Na sasa?" aliuliza mama.

"Sasa nakula na huyu, na hadithi zake za udongo."

Hapo mama akacheka, akalisogeza sinia mbele yangu. Nikala. Tulikula sote wanne, mikono ikigongana, mpaka sinia likabaki jeupe.

"Umekula kwangu," aliniambia akininawisha. "Basi huyu ni mdogo wako. Akila peke yake, nitakuuliza wewe."

"Wabeja, mayu," Minza alimshukuru mama yake, na machozi yakamtoka. Na mimi pia.

Tulipofika Kahama tukirudi, ujumbe wa Minza ukaingia: ameshatuma jibu, anakuja. Njia nzima nilitafakari. Nilikwenda kuwaeleza vijana jinsi utafiti unavyofanywa, kumbe nyumbani kwao wanataka kujua kwanza mtoto wao ataishi na watu gani.

Minza sasa yuko hapa Morogoro. Asubuhi anaonja kidogo kidogo na kusukutua kama ilivyo kanuni. Mchana tunafunga mlango wa maabara, tunakaa watatu kwenye sinia moja, na simu inalia. Si ya Minza, ni yangu.

"Mmekula?" anauliza mama.

Nami humjibu mdomo umejaa.