Injini Niliyoiacha Ilale

Nilifundisha fizikia miaka mingi hapa Singida mjini, na nadhani ndiyo sababu nilijiona sihitaji kuambiwa kitu kuhusu gari. Nilipostaafu, dada yangu alikuwa anahamia nje ya nchi, akaniachia gari lake la haibridi, la aina ile ya kuchomeka kwenye umeme. Lina injini ya petroli kama magari mengine, na lina betri kubwa unayoichaji kwa waya ukutani. Betri ikijaa, safari za mjini zote linakwenda kwa umeme mtupu. Sokoni, kanisani, kwa mke wangu kliniki, na kurudi. Zaidi ya mwaka ulipita sijaingia kituo cha mafuta. Nilijisifu kwa majirani mpaka wakaanza kunikwepa.

Mke wangu ni muuguzi. Siku moja aliniuliza, "Mwalimu, oili ulimwaga lini?"

"Nimwage ya nini? Injini haifanyi kazi. Kisichofanya kazi hakichakai."

"Hata dawa huharibika ikiwa kabatini," akasema.

Nikacheka. Isitoshe nilikuwa nimeulizia bei dukani. Gari lile linataka oili nyepesi ambayo ni ghali kuliko ile ya kawaida, na filta yake haipatikani kila mahali. Niliona ni kutupa fedha.

Mwezi uliofuata tulikwenda Kinampanda kumchukua mama mkwe. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na tulikuwa tumepata miadi ya upasuaji mjini kesho yake asubuhi. Tulitoka mapema. Kabla ya kufika Iguguno chaji iliisha, na injini ikajiwasha yenyewe, kama inavyotakiwa. Ila sauti haikuwa ile niliyoizoea. Iligonga gonga kama kijiko ndani ya kikombe cha bati, kisha taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye deshibodi.

"Zima," mke wangu akasema. Nikazima, gari likaserereka mpaka pembeni.

Watu waliokuwa wanapakia mahindi walitusukuma hadi kwenye karakana ya jirani, ambayo ukweli ni ya mashine za kukamua alizeti. Fundi wake alikuwa mama wa makamo, mikono imelowa mafuta hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama," alisema, akifuta mikono. Tulipomweleza, alifungua boneti, akatazama muda mrefu bila kugusa kitu. Kisha akaonyesha nyaya nene za rangi ya chungwa, zile za umeme wa betri kubwa. "Hizi sizijui, na sizigusi. Lakini injini ni injini."

Alichomoa kijiti cha kupimia oili. Kilitoka karibu kikavu. Akafungua kifuniko cha kujazia, akanionyesha upande wa ndani. Ulikuwa na utando mweupe kama uji.

"Mzee, huwa unaiwasha kidogo kidogo?"

Nilifikiri. Asubuhi za baridi na upepo, nikiwasha hita, injini hunguruma dakika mbili tatu, kisha hunyamaza. Nikamwambia.

"Basi ndiyo hiyo. Haipati moto wa kukausha unyevu, unyevu unajichanganya na oili." Akakagua rejeta, akakuta maji yamejaa. "Afadhali, gasketi nzima, si maji ya rejeta yaliyoingia kwenye oili. Oili inazeeka kwa miezi pia, mzee, hata kama hujatembea."

Nilikuwa nimefundisha watoto wa watu jinsi mvuke unavyogeuka maji kwenye chuma baridi. Nilifundisha kila mwaka, kwa mchoro ubaoni. Nikasimama pale nimeinamisha kichwa.

Fundi hakuwa na oili ya aina yetu, na alikataa kutuwekea nyingine ili tuondoke. Alipiga simu duka la spea mjini, akawasomea maandishi ya kwenye kifuniko, na oili pamoja na filta vikaja kwa basi. Tulipokuwa tunasubiri alitupa viti na chai, na viazi vitamu vya moto. Akalala chini ya gari, akagundua kwamba washa, kile kipete cha kuziba nati ya kumwagia oili, imekwisha, ndipo ilipokuwa inavuja tone kwa tone. Akatafuta washa ya shaba kwenye kopo la spea za mashine zake, ikakaa sawasawa.

Gari lilipowaka, aliinamisha sikio, akasikiliza. Ile sauti ya kugonga ilikuwa imekwisha. "Umewahi kuzima," alisema. "Ungesukuma mbele, ungenunua injini." Alitaja ujira mdogo hata nikaona haya kutoa pochi. "Kila mwaka mwaga, hata kama hujatembea. Na mara moja kwa mwezi lipeleke mbali, lipate moto."

Saa tisa alasiri tulikuwa Kinampanda. Kesho yake mama mkwe aliingia chumba cha upasuaji kwa wakati, na walipomfungua bendeji ya jicho la kwanza alimtazama mke wangu usoni kwa muda, akamgusa shavu, akasema kwa Kinyiramba kwamba amezeeka. Tulicheka, kisha mke wangu akalia.

Tangu hapo, kila mwezi tunaendesha hadi Kinampanda kwa petroli, kwa ajili ya injini. Awali tulikuwa tunakwenda kwa mama mkwe Krismasi na msibani tu. Njiani tunapitia kwa fundi, tunamsalimu, anachomoa kijiti, anakitazama kwenye mwanga, anatutakia safari njema. Safari iliyopita nilimweleza mama mkwe kwa nini tunakuja mara kwa mara hivi. Alisikiliza hadi mwisho, akamwambia binti yake maneno fulani kwa Kinyiramba, nami nisiyekijua vizuri nikaomba nitafsiriwe.

"Anasema anaishukuru injini," mke wangu akasema, "na anaomba isipone kabisa."