Maji ya Kabichi ya Zambarau

Miaka ishirini na mbili katika jiko la hospitali, mpishi huyu alijulikana kwa jina moja tu: Mama Maganda. Nyanya alizimenya, biringanya alizimenya, na kabichi ya zambarau aliichemsha mara mbili, maji akayamwaga, kwani aliyemfundisha kazi alimwambia chakula cha mgonjwa kisiwe na rangi. Wenzake walimtania kwamba angepata nafasi angemenya hata wali.

Nyumbani alipika vivyo hivyo. Mumewe alikula bila kulalamika mpaka macho yakafifia, yakazimika kabisa, na mwaka uliofuata akafariki.

Ndipo akaja afisa lishe kuwafunza wapishi. Alisema njano iliyojificha ndani ya mboga za majani husaidia kulinda macho, na zambarau ya kabichi na ya ganda la biringanya husaidia kuukinga mwili.

"Si dawa ya kuponya," alionya, "ila ninyi rangi hiyo mnaimwaga kwenye sinki."

Mama Maganda hakusikia lile onyo. Tangu siku hiyo, kila alipomwaga maji yoyote alisikia mumewe akikohoa nyuma yake, kikohozi kile kile alichokohoa akipapasa kiti baada ya kupofuka. Aligeuka kila mara, mjinga wa mapenzi, na kila mara hapakuwa na mtu.

Wifi yake, dada wa marehemu, alikuwa akiishi naye, na sasa macho yake pia yalianza kuingia ukungu. Mama Maganda akaapa huyu hatamponyoka. Asubuhi karoti, mchana mchicha, jioni biringanya na ganda lake. Mwenyewe alisimama kando akihesabu matonge ya mwenzake, tumboni mwake chai tupu.

"Wifi, utanigeuza sungura," wifi alicheka. Kisha akasukuma sahani. "Unanilisha mimi au unamlisha kaka?"

Machozi yakamtoka Mama Maganda.

"Ugonjwa huu ni wa ukoo wetu. Mama alikula mboga na maganda yake, na bado alipofuka. Hukumuua kaka. Na mimi daktari ameshaniambia, mwaka huu hauishi kabla sijapofuka."

Kikohozi kikasikika. Mama Maganda akageuka.

"Usitazame huko," wifi alisema, akipapasa mpaka akaupata mkono wake, akamwekea kijiko. "Kula wewe. Macho ya nyumba hii ni hayo yako tu."