Mng'oa Mabenchi

Hebu mfikirie fundi mzee akiingia uwanja wa mpira wa chuo chetu asubuhi ya theluji, spana ndefu begani. Jukwaa la zamani linang'olewa lijengwe kubwa zaidi. Kabla ya kufungua benchi hulipapasa kwa kiganja kitupu, akinong'ona, "Samahani, nakusogeza kidogo." Wenzake humtania, "Babu, waulize hao waliokaa kama wana tiketi!" Yeye hulegeza nati taratibu, hacheki.

Jana nilifuata benchi alilokalia kila mechi marehemu mume wangu, Verlin, nikae nalo nyumbani. Fundi akaligusa, akaurudisha mkono upesi. Theluji ilikuwa imelifunika lote, isipokuwa upana wa mtu mmoja, pakavu, pana joto.

"Mama," akasema, "tingatinga linaingia kesho, lakini bado amekaa. Nifungue?"

Wewe ungemjibuje?