Kabati la sendoff lililoniaibisha mbele ya wakwe: kisu cha randa nilikinoa kama moko

Wakuu, heshima kwenu wote. Mimi ni mtu wa Katoro, shule niliishia la nne, mkiona nimekosea kuandika nivumilieni. Haya yamenipata mwenyewe. Ningekuwa natunga ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Zamani nilikuwa mchimbaji. Duara, yaani shimo la dhahabu, likanifukia, nikatolewa hai na mguu mmoja mbovu. Mwenye duara, Mashauri, hajawahi hata kuja kunipa pole. Namtaja makusudi.

Nikaingia kwenye useremala. Aliyenifundisha ni Masanja, na huyu naye namtaja. Somo lake lilikuwa moja tu: "Sukuma randa kwa nguvu, kaka. Mengine vanishi itafunika."

Binti yangu Kabula akapata mchumba wa Kahama. Nikatangazia ndugu kwamba zawadi yangu ya sendoff ni kabati la mninga, kazi ya mikono yangu. Nilitaka wakwe waone baba yake si kilema wa kuhurumiwa.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Kule duarani ukitaka kunoa moko, ile patasi ya kuvunjia mwamba, unaipeleka kwenye grinda pale karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe, cheche zinaruka, unarudi kazini. Nami kisu cha randa nikakipeleka hukohuko. Kikatoka na rangi ya bluu mdomoni. Nikafurahi, nikadhani ndiyo makali! Kumbe chuma kimeungua, kimekuwa laini.

Halafu nikakitokeza sana ili kikwangue mbao nyingi. Randa ikawa inaruka na kunyofoa nyuzi za mbao. Mbao ikikataa, naongeza nguvu. Nikapaka vanishi juu ya vanishi, ikang'aa, nikajiona fundi.

Siku ya sendoff, shangazi wa bwana harusi akaja anacheza, akalipapasa kabati. Lesi ya gauni lake ikanasa kwenye kibanzi. Kuvuta, ikachanika.

"Heee! Baba Kabula, umetupa kabati au mchongoma?"

MC Jumanne, badala ya kunisitiri, akadaka: "Wakwe, mkifungua hilo kabati vaeni glavu!"

Ukumbi mzima ukacheka. Masanja alikuwa meza ya mbele na pilau lake, akacheka kuliko wote.

Mimi nilitazama viatu vyangu mpaka watu wakaisha.

Kabati likaenda Kahama hivyohivyo. Na kwa sisi Wasukuma, siwezi kwenda kwa mkwe wangu na randa kwapani nikaanza kukwangua zawadi niliyoitoa mwenyewe. Ni aibu juu ya aibu.

Nikanunua kisu kingine. Safari hii nikakinoa taratibu kwenye jiwe lenye maji mpaka kikanyoa vinyweleo vya mkono. Nikakitokeza kidogo sana. Kile kipande cha chuma kinacholalia kisu nikakisogeza karibu na makali, maana ndicho kinachokunja maranda kabla nyuzi hazijanyofoka. Nikatazama ubavuni mwa mbao nyuzi zinapandia wapi, nikafuata hukohuko.

Maranda yakatoka membamba kama karatasi ya sigara. Mbao laini hata kabla ya msasa. Badala ya kufurahi, nikaona uchungu. Miaka yote hiyo nilikuwa nagombana na mbao bure.

Juzi konda wa basi kanipigia, nifuate mzigo stendi. Ni milango ya kabati, imefungwa kwenye shuka. Nikampigia Kabula.

"Baba, nimemwambia mume wangu bawaba zimelegea. Itengeneze tu."

"Yeye kasemaje?"

"Kasema sawa. Wala usiharakishe, baba."

Wakuu, ya ukumbini ilikuwa aibu yangu peke yangu. Hii nimembebesha mwanangu. Ndoa bado changa, tayari anamdanganya mumewe ili anisitiri mimi.

Nilichojifunza: vanishi haifichi kitu, inamulika. Uso wa mbao uumalizie kwenye randa.

Milango iko mezani, vanishi ya zamani nimeshaitoa. Karibu na kifundo, pale tawi lilipoota, nyuzi zinapishana, bado zinanyofoka kidogo. Mafundi mliomo humu, hapo nipige randa nikiishika mshazari, au nimalizie na msasa tu? Kunicheka ruksa, ila jibuni kwanza. Safari hii sitaki kubahatisha.