Mistari Mitatu kwa Kila Mtoto

Walimu wenzake shuleni walimwita Mistari Mitatu, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Walimu wengine wakijaza ripoti za mwisho wa muhula huandika "vizuri" au "ajitahidi", kisha huenda zao kunywa chai. Yeye hapana. Kila mtoto wa darasa la pili alipata mistari mitatu ya kalamu, inayomhusu yeye na si mwingine: huyu hesabu anazimudu lakini anaona haya kusoma kwa sauti, yule akiwekwa nyuma husinzia. Wazazi walizihifadhi ripoti zile pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Wakati huo watoto walikuwa arobaini. Mwaka huu walikuwa tisini na wawili, maana mwalimu wa mkondo wa pili alihamishwa na nafasi yake haikujazwa. Mwalimu mkuu alimwomba ajikaze kidogo, wiki mbili hivi. Wiki mbili zikazaa miezi saba. Mumewe alimwona akipika bila kuonja, na akiulizwa jambo akijibu "sawa" kabla swali halijaisha. Akamwambia apumzike. Akajibu sawa. Kuumwa haumwi, homa hana, sasa angeomba ruhusa ya nini? Mtu mzima na akili zake alidhani kuchoka ni kwa wapiga zege peke yao.

Ripoti za muhula wa pili alizimaliza kwa siku mbili, mkono ukienda na kichwa hakipo. Ziligawiwa Ijumaa. Jumatatu mwalimu mkuu alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwuliza kwa upole kama anajua amemwandikia nini binti wa fundi cherehani.

Binti yule alifariki mwezi wa tano, kwa homa ya siku tatu. Mwalimu alikwenda msibani, akakaa na wafiwa mpaka jioni. Lakini jina halikufutwa kwenye orodha, na mkono ulipolifikia uliandika kama kawaida: ana nidhamu, anapendwa na wenzake, aongeze bidii muhula ujao. Safu ya alama ilikuwa tupu, na hilo nalo halikumzindua. Dada mtu, wa darasa la tano, ndiye aliyepewa ripoti aifikishe nyumbani.

Mwalimu alisubiri moyo ushtuke. Haukushtuka. Hapo ndipo alipoogopa kweli.

Alitoka moja kwa moja kwenda kuifuata ile karatasi, akiomba njia nzima iwe haijasomwa.

Ilikuwa imesomwa. Fundi mwenyewe, mama wa marehemu, alikuwa ameiweka mezani kando ya cherehani, akaikandamiza kwa mkasi isipeperuke. Mwalimu alipoanza kuomba radhi, maneno yalimtoka makavu, kama anayesoma tangazo. Yule mama akamkatiza. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Karatasi utaichukua, mwalimu. Niambie kitu kimoja tu. Darasani alikuwa anakaa wapi?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini: mbele, karibu na dirisha. Mama wa watu angeushikilia maisha yake yote. Mwalimu alifumba macho aione sura ya mtoto, akaona madaftari.

"Sikumbuki, mama," akasema. "Si yeye tu, hata wengine. Sijui nimekuwaje."

Fundi aliuondoa mkasi, akampa karatasi. "Basi nenda kapumzike," akasema. "Ukikumbuka, uje uniambie. Hata iwe mwakani."

Kesho yake alikwenda kwa daktari. Akaambiwa kazi imemmaliza, na kwamba uchovu wa aina hiyo hauondoki kwa kulala usiku mmoja, akaandikiwa mapumziko ya miezi miwili.

Sasa ni wiki ya sita. Analala, anakula, na juzi alimcheka mumewe aliyetaka kutoka na shati alilolivaa nje ndani. Mumewe anawatangazia majirani kuwa mke amepona. Hajui kwamba kila asubuhi, akishaondoka yeye, mkewe hukaa sebuleni, akafumba macho, akaingia darasani kwa mlango na kuanza kupita dawati baada ya dawati. Safu ya kwanza anaipata yote, sura na majina. Ya pili, karibu yote. Kuanzia ya tatu watoto wamekaa wima, wamenyamaza, na hakuna hata mmoja mwenye uso.