Blanketi Lisilolala Kavu

Saa mbili asubuhi, mvua inapiga bati na Bi Blanketi anaingia kwa dobi akiwa na ndoo mkononi. Ndani ya ndoo mna blanketi la kijivu, bichi, linachuruzika maji. Analitumbukiza kwenye mashine kuukuu ya kukaushia nguo, anaiwasha, kisha anavuta stuli na kukaa.

"Fundi gani huyu anayekuja na nguo zake?" anauliza dobi, mama wa makamo asiye na breki mdomoni.

"Shangazi, kwanza nimekuja kusubiri. Kutengeneza baadaye."

Ana sababu: blanketi bichi huifanyisha mashine kazi mpaka ipate moto. Mashine hii ikiwa baridi huwaka bila shida, lakini ikizimwa ikiwa ya moto haizunguki tena mpaka ipoe. Mafundi wawili walikuja wakaikuta imepoa, wakabonyeza, ikazunguka, wakaenda zao. Ni kama mtoto aliyelia kwa jino usiku kucha, akifika kwa daktari anacheka.

Fundi wa tatu alikuwa Bi Blanketi mwenyewe. Juma lililopita alikuwa na haraka, akaliacha blanketi nyumbani na kubadilisha swichi ya joto kwa kubahatisha. Kesho yake dobi akampigia simu.

"Nilijua nimekosea kabla hajamaliza kusema haloo," anasema. "Haraka haraka haina baraka, na mimi ndiye ninayewahubiria wenzangu!"

Leo hakuna nafasi ya kubahatisha. Dobi anafulia wodi ya wazazi, na kwa mvua hii hakuna kamba inayokausha hata leso. Msimamizi wa wodi ameshasema: mashuka yasipofika jioni, kazi inakwenda kwingine. Kazi hiyo ndiyo inayomlisha dobi na binti zake.

"Ukishindwa leo, mwanangu, sijui nitashika wapi," dobi anasema, na safari hii hatanii.

Blanketi limeshapata moto. Bi Blanketi anazima, anatulia kidogo, anawasha. Mashine inanguruma tu, haizunguki. Anatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Haya, sasa tumeonana uso kwa uso."

Anachomoa waya ukutani, anafungua mgongo wa mashine na kuvua mkanda unaozungusha pipa. Pipa linazunguka kwa kidole. Anashika mhimili wa mota kwa kitambaa. Ni mgumu, umeng'ang'ania. Wanakunywa chai taratibu. Mota inapopoa anaujaribu tena, na sasa unateleza.

Kumbe swichi ilisingiziwa bure. Bushi inayoubeba mhimili imekauka mafuta na kujaa vumbi la nguo. Ikipata joto, inabana.

Alijifunza kazi hii kwa kaka yake, msukaji wa nyaya za mota zilizoungua. Jina la Bi Blanketi alipewa na mafundi wa mtaani kwa kejeli. Siku hizi mashine ikiwashinda, hao hao ndio wanaomwelekeza mteja kwake. Wiki nzuri hupata mashine nne. Wiki mbaya huzunguka na ndoo yake na kurudi mikono mitupu.

Anafunga bushi mpya, anaitia mafuta na kupangusa vumbi lote. Blanketi linarudi ndani mpaka mashine inachemka.

"Zima mwenyewe, shangazi. Sasa washa."

Dobi anafumba macho, anabonyeza. Pipa linazunguka. Anapiga kigelegele mpaka majirani wanachungulia, anajifuta machozi kwa shuka la wodi, kisha anashtuka na kulirudisha kwenye kapu la kufuliwa.

Bi Blanketi anakataa malipo. "Ulishalipa juma lililopita, na nikakosea. Pakia mashuka yako."

Dobi analikunja blanketi, kavu, lingali na moto, na kumpa. Fundi analiweka shavuni kwa muda. Halafu anafungua bomba na kulilowesha tena kwenye ndoo.

"We! Si limekauka hilo?"

"Kuna mteja mwingine ng'ambo ya barabara."

Anatafuta chumba cha kupanga kiwe karakana, ili mashine zimfuate yeye na zije na nguo zao, asihitaji tena kulowesha blanketi lake.

"Hili lilikuwa la kitandani kwetu," anasema akibeba ndoo. "Mume wangu hulidai kila baridi ikiingia. Siku nikipata chumba, nitampelekea likiwa kama lilivyotoka mashineni, kavu, lina moto. Tulale nalo."